Kibanda cha vitabu vya mtumba Lamu: nilinunua Subutai nusu, nusu nyingine nikamaliziwa barazani

Hiki kibanda wengi mwakipita tu. Kiko kichochoroni nyuma ya Usita wa Mui, si mbali na Mkunguni, hakina bango, ni mbao mbili juu ya makreti ya soda na vitabu vimerundikwa vyovyote, ukitaka kitu uchimbe mwenyewe. Nilienda kumtafutia mdogo wangu kitabu cha hesabu nikatoka na kitabu cha Subutai. Shilingi 300, nikaomba kupunguziwa, ami muuzaji akacheka tu.

Kwa wasiomjua, Subutai ni jemadari wa Wamongolia, si mtoto wa kifalme wala nini, babake alikuwa mhunzi, akajiunga na Genghis Khan akiwa bado kijana. Na kitabu mwanzo ni kitamu wallahi! Mwaka 1220 yeye na mwenzake Jebe wanamwandama Sultani Muhammad wa Khwarazm, dola ya Asia ya Kati, mji kwa mji mpaka maskini akafia kisiwani Bahari ya Caspian, mtu mwengine hapo angerudi kupumzika lakini hawa wakaendelea kuizunguka ile bahari, wakapita Georgia na milima ya Caucasus wakatokea kwa Wakipchak, wale wafugaji wa nyikani, na Warusi. Mei 1223, mto Kalka, wakajifanya wanakimbia, siku kadhaa ni kukimbia tu, Warusi nyuma wanafukuza kila mkuu na watu wake bila kungojana, hadi wakafika pale walipokuwa wanatakiwa wafike. Wakuu waliotekwa wakalazwa chini, wakafunikwa mbao, Wamongolia wakaketi juu yake wakala karamu. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji kwanza.

Sasa balaa. Tumefika 1241, mfalme Béla wa Hungary ashapiga kambi karibu na mto Sajó, nafungua ukurasa unaofuata naona 1248 Subutai anakufa. Kurasa ishirini na kitu hazipo!! Zimekatwa kwa wembe vizuri kabisa, hata uzi haujaguswa. Nikarudi nimefura.

Ami hata hakushtuka. "Si nilikwambia ukague, mwanangu. Haya keti."

Akaagiza kahawa tungu, akavuta vikombe na kokwa za tende akaanza kupanga pale barazani. Ufa wa saruji ndio mto, kijiko ndio daraja. Batu, mjukuu wa Genghis Khan, na watu wake wanapigania daraja, wana mitambo ya kurusha mawe, huku Subutai ameteremka na mto usiku anajenga daraja lake mwenyewe atokee nyuma (alichelewa, Batu baadaye alimlaumu kwamba watu wake wengi walikufa kwa sababu hiyo). Kulipokucha tarehe 11 Aprili kokwa zote za Hungary zimebanwa kambini. Kisha ami akaondoa kikombe kimoja, akaacha mwanya. "Sasa weye uko ndani, umeona njia. Utabaki upigane?" Ndivyo walivyotoka mbio, na wakapigwa mishale njia nzima. Na siku mbili kabla yake kikosi chengine kilikuwa kimeshinda Legnica huko Poland. Mfalme mwenyewe alinusurika, akakimbilia pwani ya Adriatic.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasema kwenye vita vya Shela, vile Lamu ilivyowashinda Wamombasa na Wapate, hatukuhitaji Mmongolia, maji yalitoka tu, majahazi yao yakabaki mchangani, basi ikawa kelele hadi adhana ya magharibi.

Kwa hivyo nyota ngapi? Kitabu mbili, ami tano. Pesa harudishi, msijisumbue, na msinunue kitu bila kufungua ukurasa mmoja mmoja. Nendeni baada ya alasiri, asubuhi huwa amefunga. Mimi alinifidia kile cha hesabu bure, nimefika nyumbani nikakikagua, kurasa zote zipo isipokuwa zile za majibu.