Diski nne za kuchezea msituni na milimani: uzoefu wangu na Buzzz, Leopard, Zone na Aviar

Kwa uwanja wa gofu ya diski (mchezo wa kurusha diski hadi iingie kwenye kikapu chenye minyororo kwa mirusho michache) unaopita katikati ya miti na kupanda na kushuka vilima, mimi hubeba diski nne: Buzzz na Zone za kampuni ya Discraft, Leopard na Aviar za kampuni ya Innova. Draiva, yaani diski za kurusha mbali, za kasi ya 12, mfano wa Destroyer, hukaa nyumbani. Nimezitumia hizi nne vya kutosha kujua kila moja inasaidia wapi na inaangusha wapi.

Kwanza namba zilizochapwa juu ya diski, maana ndizo zitakazokuokoa dukani. Ni nne kwa mfuatano: kasi, kuelea, kugeuka na kurudi. Kwa anayerusha bekhendi (mkono ukivutwa kutoka upande wa pili wa mwili) kwa mkono wa kulia, kugeuka ni kiasi ambacho diski huenda kulia ikiwa bado ina mwendo, na kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo inavyokwenda zaidi. Kurudi ni kiasi inachokata kushoto mwendo ukiisha. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze pande zote. Namba ya kasi haimaanishi kwamba diski itakwenda haraka yenyewe. Inakuambia mkono wako lazima utoe mwendo gani ili diski ifanye kazi yake. Diski ya kasi 12 ikirushwa kwa mwendo wa kasi 7 haigeuki kabisa. Inaonyesha kurudi tu, inakata kushoto mapema, na msituni kushoto kuna mti.

Njia za msituni ni nyembamba, na mara nyingi mti wa kwanza uko mita 20 hivi mbele yako. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 5, umbali huo diski imeshatoka nje ya mstari kwa zaidi ya mita moja na nusu. Kwenye uwanja wa wazi kosa hilo halikugharimu kitu. Hapa umegonga gogo na diski imeruka pembeni. Kwa hiyo ninachokitafuta kwenye diski ni iende pale nilipoielekeza kwa mita 30 za mwanzo, na ikitua ikae. Umbali ni jambo la tatu.

Buzzz (5, 4, -1, 1) ndiyo ninayoirusha zaidi ya zote. Ukiitoa bapa inakwenda karibu mstari ulionyooka, na ukiiinamisha inashikilia ule mwinamo ulioipa kwa sehemu kubwa ya safari. Njia ikipinda taratibu kushoto, naitoa ukingo wa kushoto ukiwa chini kidogo na kuiacha ifuate mkunjo. Ikipinda kulia, nainua ukingo wa kushoto. Haina ubishi. Udhaifu wake ni upepo wa mbele: ukitoka kwenye miti ukaingia sehemu ya wazi juu ya kilima, upepo wa mbele huifanya igeuke kulia kuliko ilivyokusudiwa. Hapo naiinamisha kushoto zaidi, au nachukua Zone.

Leopard (6, 5, -2, 1) naiweka kwa ajili ya mpando, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza mirusho bila kujua sababu. Diski inayopanda mlima hupoteza mwendo mapema, na ikipoteza mwendo inaanza kurudi kushoto kabla ya wakati. Ndiyo maana diski ileile iliyonyooka kwenye tambarare inakata kushoto kwenye mpando. Leopard, kwa kuwa inapenda kugeuka kulia, inafidia hilo na kunyooka. Kosa la pili la mpando ni kuinua pua, yaani ukingo wa mbele. Mlima uko juu, macho yako juu, na mkono unainua pua kupita mteremko wenyewe. Diski inapanda, inasimama hewani, kisha inateleza kurudi nyuma kushoto. Mabega yako ndiyo yafuate mteremko: bega la mbele juu, la nyuma chini, na pua ibaki sambamba na ardhi ya mlima.

Kuhusu umbali, kanuni ya makadirio ninayoifuata ni kuongeza mita 3 kwa kila mita 1 ya kupanda. Shimo, yaani njia moja kutoka sakafu ya kurushia hadi kikapu, la mita 70 linalopanda mita 8 linachezwa kama la mita 94. Kwenye mteremko punguza kwa kiasi hichohicho. Hesabu hii si kamili, lakini inakuzuia kuchagua diski kwa kusoma ubao wa umbali peke yake.

Mteremko una shida yake tofauti. Diski inakaa hewani muda mrefu kuliko kawaida, hivyo kurudi kwake kote kunaonekana. Zone ukiirusha bekhendi kwenye bonde refu itakwenda kushoto hadi ushangae. Narusha Buzzz, na kwa shimo fupi Aviar. Nyoosha mkono nyuma ukiwa juu, vuta kuelekea chini, na usikimbie: hatua moja au kusimama papo hapo kunatosha, kwani mlima umeshakupa umbali. Sakafu ya kurushia ikiwa na maji au majani, kukimbia kunakuhatarishia goti.

Zone (4, 3, 0, 3) ni diski ya kufikia kikapu. Haielei sana na inarudi kwa nguvu, kwa hiyo inashuka na kukaa. Naipenda zaidi kwa fohendi (mrusho wa upande uleule wa mkono unaorusha), ambapo inakata kulia badala ya kushoto, na hilo linakupa uwezo wa kuchagua diski itue ikielekea upande gani wa kilima. Ardhi ikiteremka kushoto kwa kikapu, bekhendi inayomalizia kushoto itaufuata mteremko na kuteleza mbali. Fohendi ya chini, karibu bapa, inamalizia ikielekea juu ya kilima na kusimama. Muhimu iwe bapa. Ikitua kwa ukingo kwenye mteremko inasimama wima kama gurudumu na kubingirika mpaka chini, na hapo umegeuza mrusho mzuri kuwa mita 40 za kupanda tena.

Hilo la kubingirika ndilo linalotawala kumalizia kwenye kikapu pia. Aviar (2, 3, 0, 1) inaingia kwenye minyororo kwa utulivu, lakini diski yoyote ikikosa kikapu kilichowekwa ukingoni mwa kilima inaweza kubingirika. Kabla ya kurusha naangalia nyuma ya kikapu. Kama nyuma kuna mpando, narusha kwa nguvu za kawaida. Kama nyuma ardhi inashuka na niko zaidi ya mita 8, narusha kwa upole ili nikikosa idondoke chini ya kikapu, nichukue mrusho mmoja wa ziada badala ya mitatu. Ndani ya mita 10 kanuni za PDGA, chama cha gofu ya diski, zinataka uonyeshe umeshika mizani kabla ya kusogea mbele ya alama ya pale diski ilipotua, na kwenye mteremko mwili unapenda kuanguka mbele wenyewe. Tanua miguu pembeni, mmoja ukiwa nyuma ya alama ndani ya eneo la upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 30, au piga goti. Mti ukikuziba, mkao huohuo wa kutanua miguu unakupa pembe mpya ya kurushia. Usivunje tawi, chagua mkao unaosogeza majani na matawi kidogo kabisa.

Plastiki nayo ina maana kubwa pale miti ilipo mingi. Plastiki ya msingi, kama DX ya Innova, inashikika vizuri ikiwa kavu ila kila gogo linaiachia mkwaruzo, na diski iliyogongwa sana inaanza kugeuka kulia kuliko namba zake. Kwa Buzzz na Zone nachukua plastiki ngumu ya Z ili tabia isibadilike. Kwa Aviar naibakiza ya DX, kwa sababu ya mshiko. Leopard ya DX iliyochakaa kidogo ni nzuri kwa mpando mkali, na nyepesi ya gramu 165 hivi inapanda kwa urahisi kuliko ya gramu 175. Vinyweleo vya plastiki vinavyochomoza ukingoni baada ya kugonga miti unaweza kuvilainisha kwa msasa. Kanuni zinaruhusu kusawazisha mikwaruzo.

Kama bajeti ni ya diski mbili, nunua Buzzz na Aviar. Leopard ifuate iwapo mashimo mengi yanapanda.

Rangi usiichukulie kama urembo. Kijani na kahawia hupotea kwenye majani, na nyekundu hupotea kwenye majani makavu. Waridi kali na bluu mpauko huonekana. Diski ikishapotea una dakika 3 za kutafuta, baada ya hapo unaongezewa mrusho mmoja na kurudi ulikorushia. Ikikwama juu ya mti, unacheza kutoka ardhini moja kwa moja chini yake. Pale ambapo kilima kinaficha mahali pa kutua, mwenzako atangulie na kusimama pembeni nyuma ya mti imara, na wewe mrushaji ukumbuke mti wa mwisho ambao diski ilipita kando yake. Anza kutafuta pale, kisha shuka kufuata mteremko.