Lincoln yupi wa kutazama: wa Fonda au wa Massey?

Rais mmoja wa Marekani, Abraham Lincoln, filamu mbili, zimepishana mwaka mmoja tu: Young Mr. Lincoln ya John Ford (1939) na Abe Lincoln in Illinois ya John Cromwell (1940).

Ya Ford haimfikishi Lincoln Ikulu kabisa. Inamshika akiwa wakili chipukizi huko Springfield, akiwatetea ndugu wawili walioshtakiwa kwa mauaji. Henry Fonda, aliyebandikwa pua ya bandia, anaongea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kushinda. Tazama anavyomshughulikia shahidi anayedai aliona kila kitu kwa mbalamwezi: anamwacha aende zake, kisha anamrudisha na kutoa almanaka (kitabu cha tarehe na nyakati za mwezi) kuonyesha kwamba saa hiyo mwezi ulikuwa umeshazama. Kesi ya namna hiyo ilikuwepo kweli, ila ni ya 1858, Lincoln akiwa wakili mzoefu. Ford kairudisha nyuma miaka ishirini hivi, wala haoni haya.

Ya Cromwell imetokana na tamthilia ya Robert Sherwood iliyoshinda tuzo ya Pulitzer, na jukwaa bado linaonekana. Watu wanahutubiana mno. Lakini ndiyo yenye siasa: ndoa na Mary Todd, midahalo na mpinzani wake wa kisiasa Stephen Douglas, hadi treni ya kwenda Washington mwaka 1861. Raymond Massey, Mkanada, anamcheza Lincoln mzito wa moyo, anayesukumwa kwenye cheo asichokitamani. Aliteuliwa kuwania Oscar, na alistahili.

Anayetaka kujua alivyopanda achukue ya Massey. Mimi, nikiwa na jioni moja tu, naweka ya Ford.