Kijitabu cha kwanta cha Mwanjelwa: msinunue, au nunueni mkijua

Kile kijitabu cha maswali ya fizikia ya kwanta kinachouzwa steshenari moja hapa Mwanjelwa, msinunue. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya ukurasa mmoja: jedwali la nishati za atomu na ioni zenye elektroni mbili.

Mtunzi anaishia oda ya kwanza ya pertabesheni (njia ya kukaribia jibu kwa kuongeza masahihisho hatua kwa hatua, kila hatua ikiitwa oda), −Z² + 0.625Z kwa Hartree (kipimo cha nishati ya atomu; Z ni idadi ya protoni za kiini), kisha anaweka Z = 1 na kupata −0.375. Kwa kuwa atomu ya haidrojeni peke yake ina −0.5, yaani iko chini zaidi, anatangaza kwa wino mzito kwamba ioni hasi ya haidrojeni (haidrojeni yenye elektroni moja ya ziada) haiwezi kuwepo. Jamani! Ioni hiyo ipo, tena ndiyo inayofyonza sehemu kubwa ya mwanga unaoonekana kwenye uso wa Jua. Nishati yake ni −0.52775. Kosa ni kukata mfululizo mapema. Msukumano wa elektroni una uzito wa 1/Z ukiupima na mvuto wa kiini, kwa hiyo Z ikiwa 1 msukumano si kitu kidogo hata kidogo.

Ongeza vipengele viwili, vya oda ya pili na ya tatu: −0.157666, halafu +0.008699/Z. Ioni ya haidrojeni inafika −0.53267, kisha −0.52397. Sasa ioni imeshikamana, ila nishati ya kuishikilia bado imepungua karibu sehemu moja ya saba.

Chini ya jedwali kuna sentensi mbaya zaidi: eti kila oda inashusha nishati kuelekea jibu. Chukua heliamu (Z = 2), oda ya kwanza hadi ya tatu: −2.75, −2.90767, −2.90332. Jibu ni −2.90372. Oda ya pili imelipita jibu kwa chini, ya tatu ikapanda. Oda ya kwanza haiwezi kupita, maana ni wastani wa Hamiltoniani nzima (hesabu ya nishati yote ya mfumo) kwa wimbi la kuanzia, na wastani wa namna hiyo haushuki chini ya jibu. Kuanzia ya pili dhamana hiyo haipo. Mwanafunzi aliyekariri sentensi ile ataifuta oda ya tatu yenye usahihi na kubaki na ya pili.

Muuzaji, ambaye ndiye anayekidurufu, alipoonyeshwa alijibu bila kuinua macho: "Mwalimu, wenzako wananunua, hajalalamika mtu." Hawalalamiki kwa sababu wananakili!

Haki yake nimpe, lakini. Integrali ya 5/8, ndiyo ile 0.625, imefunguliwa vizuri mno: r₁ na r₂ zikiwa umbali wa elektroni mbili kutoka kwenye kiini, anagawa eneo la r₂ ndogo kuliko r₁ na kubwa kuliko r₁, anamaliza ya ndani kwanza, haruki hatua. Ioni ya lithiamu (Z = 3) nayo imekaa sawa. Ukiongeza vile vipengele viwili unapata −7.27977 dhidi ya jibu la −7.27991. Kwa kurasa hizo tu pesa yako haijapotea, basi nunueni.

Ila ule wino mzito! Hapana, subirini wachape upya. Aliyekwisha kununua akate mstari wa Z = 1 kwa kalamu na aandike pembeni −0.528.