Tangi la lita 60 na samaki wa magambani: kioo kizuri, hita dhaifu

Seti za kioo za sentimita 60 kwa 30 kwa 35 zinazouzwa Mbeya mjini, zikiwa na taa, filta, hita ya wati 50 na mfuko wa changarawe za rangi, zinamtosha Lamprologus ocellatus. Huyu ni samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika, anaishi ndani ya gamba la konokono na hataki jirani. Kwa kuwa anashinda chini, angalia upana wa sakafu, si kimo cha tangi. Gundi ya kioo ni safi. Shida ni vifaa vyenyewe.

Hita ndiyo mbovu zaidi. Wati 50 kwenye lita 60 hupandisha joto nyuzi 5 au 6 tu juu ya joto la chumba. Sebule ya Uyole ikishuka hadi 14 usiku wa Julai, maji hayatafika hata 21, na samaki anataka 24 hadi 27. Nunua ya wati 100, ubandike foma ya kuzuia baridi nyuma na chini ya tangi, na ufunike juu kwa kioo. Ichomoe kwenye umeme kabla ya kupunguza maji, la sivyo itapasuka.

Changarawe mrudishie muuzaji. Ocellatus hufukia gamba lake mpaka ubaki mdomo tu, na kokoto haziruhusu. Weka mchanga laini wa mto, kina cha sentimita 5, uoshwe mpaka maji yatoke safi. Sasa filta ya seti itaunyonya na pampu italika. Ipandishe juu, au tumia ya sponji. Pampu ya hewa inayoendesha sponji ikae juu ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji yasirudi ndani yake.

Maji ya milimani mara nyingi ni laini, yaani yana madini machache, na ocellatus anataka pH (kipimo cha uasidi na ubesi wa maji) ya 8 hivi. Weka mawe ya chokaa; tone la siki likitoa povu juu ya jiwe, ndilo lenyewe.

Dume mmoja, jike mmoja au wawili, magamba mawili au matatu kwa kila samaki, na jiwe katikati wasionane. Dume wa pili atafukuzwa mpaka afe. Ukiuziwa mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, kama nyongeza, kataa: ni wakubwa, wakali, na tangi hili haliwatoshi.