VAR kama huduma kwa shabiki: naipa nyota 3 kati ya 5, na ligi yetu isikurupuke kuichukua nusu nusu

Kila wikiendi ligi yetu ya Tanzania ikipigwa, refa akikataa goli au akipeta penati, mtu mmoja anaanza "leteni VAR" yaani marefa wa video wanaomsaidia refa wa uwanjani kwa kuangalia marudio, basi wote tunadakia leteni VAR leteni VAR, utadhani ikishafika tu kelele zote zimeisha. Mimi hii kitu naifuatilia toka Kombe la Dunia la Urusi 2018, mashindano ya Afrika naangalia, ya Ulaya naangalia, kwahiyo naomba niipime kama tunavyopima huduma nyingine yoyote. Inafanya kazi yake? Inafanya haraka? Mteja anaambiwa nini kinaendelea? Na mteja hapa ni mimi na wewe tuliolipa kiingilio au tuliolipia king'amuzi.

Kwanza tuwekane sawa maana naona watu wengi wanailaumu kwa mambo yasiyoihusu. Ilivyoingizwa rasmi kwenye sheria za mpira mwezi wa 3 mwaka 2018 ilipewa kazi nne tu: goli, penati, nyekundu ya moja kwa moja, na refa akimpa kadi mtu ambaye siye. Basi. Na hata hapo inaingia pale tu refa amekosea kosa la wazi kabisa, au kuna tukio kubwa hakuliona. Rafu ya katikati ya uwanja hata ikuume vipi haigusi.

Sasa inapofaa, inafaa kweli na hapa sibishani na mtu. Mambo ya ndiyo au hapana, mpira umevuka au haujavuka, ameotea au hajaotea, VAR inamzidi binadamu mbali sana. Kumbuka Japan na Hispania pale Qatar 2022, Mitoma wa Japan anauwahi kwa mguu mpira unaokaribia kutoka nje, anaurudisha, Tanaka anasukuma kambani. Sote tuliokuwa tunaangalia tuliona umetoka. VAR ikachungulia, mpira ulikuwa umebaki ndani kwa milimita 1.88, goli likahesabiwa, Japan wakashinda 2-1 na Ujerumani akafunga mizigo kurudi kwao. Hakuna mshika kibendera duniani ambaye angeliona lile kwa macho. Na wa umri wangu mnakumbuka 2010 kule Bloemfontein, Lampard wa Uingereza anapiga mpira unadunda ndani kabisa ya goli la Ujerumani, refa anasema cheza. Hatutaki kurudi kule.

Lakini sasa njooni Pretoria, tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 2024. Mimi ni Mnyama, shabiki wa Simba wa kuzaliwa, usiku uleule Simba yetu ilikuwa inatolewa na Al Ahly kule Cairo, kwahiyo sina sababu yoyote ya kuwatetea Wananchi, yaani Yanga. Ila walichofanyiwa siku ile kiliniuma kama mpenda mpira. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, mechi ya kwanza uwanja wa Mkapa Dar imeisha 0-0, wako uwanja wa Loftus Versfeld kwa Mamelodi Sundowns. Kipindi cha pili Aziz Ki wa Yanga anaachia shuti, mpira unagonga mtambaa panya kwa chini, unadunda kwenye mstari na kurudi uwanjani. Nilikuwa kibanda umiza, watu wa Simba na Yanga wamechanganyika, na wote, narudia WOTE, waliinuka. Picha ikarudiwa, ikasimamishwa, kwa macho ya wengi wetu ule mpira ulikuwa umeshavuka. VAR ipo. Goli halikukubaliwa. Mechi ikaisha 0-0 ikaenda kwenye matuta ya penati, Sundowns wakapita 3-2.

Watu wengi toka siku ile wanasema VAR imewaibia Yanga. Mimi naona tatizo ni kubwa kuliko hilo. VAR ni watu wamekaa chumbani wanaangalia picha zilezile za kamera zilizopo uwanjani, haina macho mengine ya ziada. Kama hakuna kamera iliyokaa sawasawa na mstari wa goli, yule bwana wa chumbani naye anakisia kama wewe uliyekaa kwenye benchi la mbao Mbagala. Kuna teknolojia nyingine kabisa ya mstari wa goli, ile ya kamera 14, saba kila goli, mpira ukivuka wote saa ya refa inatikisika ndani ya sekunde moja, hakuna mjadala. Pretoria haikuwepo. Ndo maana nasema huduma iliuzwa nusu, walileta jina la VAR wakaacha kifaa ambacho tukio lile lilikihitaji.

Na siyo mara ya kwanza kwa Afrika. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019 mechi ya marudiano pale Rades, Tunisia, Wydad ya Morocco wanawasawazishia Esperance kwa kichwa cha El Karti, goli linakataliwa, wachezaji wanamwambia refa nenda kaangalie, wanaambiwa mtambo haufanyi kazi. FAINALI. Watu wakagoma kucheza, ikawa kusubiriana zaidi ya saa nzima mpaka refa akamaliza mechi na Esperance wakabeba kombe, kesi ikaenda mpaka mahakama ya michezo. Kifaa kibovu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana kama hakipo kabisa unajipanga kisaikolojia kwamba refa ndo mwisho, ila kikiwepo afu kisifanye kazi kila mtu anaona kuna mchezo mchafu.

Sasa msije mkafikiri ni umaskini wetu tu. Uingereza wana kila kamera duniani, na tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2023 Tottenham na Liverpool wanacheza, 0-0, Luis Díaz wa Liverpool anafunga, kibendera cha ofsaidi juu. Goli zuri kabisa, hajaotea. Mtu wa VAR anaangalia, anaona hajaotea, anamwambia refa tumemaliza kuangalia, uko sawa. Kumbe kichwani mwake alidhani refa alishakubali goli! Refa yeye kasikia "uko sawa" kaelewa ofsaidi ibaki. Faulo ikapigwa, mpira ukaendelea, ndipo fundi wa picha anamuuliza jamani mmeridhika na hiki? Kimya, afu taharuki, afu wakaamua hakuna la kufanya maana sheria inasema mpira ukishaanza tena huwezi kurudi nyuma. Liverpool wakafungwa 2-1 dakika za nyongeza kwa goli la kujifunga.

Mimi ile sauti walivyoitoa hadharani baada ya siku chache niliisikiliza mara nyingi, na ndo iliyobadilisha kabisa ninavyoiona hii huduma. Teknolojia haikukosea hata kidogo pale, mistari ilikuwa sahihi. Walikosea watu kwa kutoelewana maneno mawili. Na sisi tumejua kwasababu tu sauti ilitolewa. Hapo ndo kilio changu kikubwa: MTUSIKILIZISHE. Kwenye raga mnamsikia refa anaongea na mwamuzi wa video, uwanja mzima unaona picha anayoiona yeye. Kwenye mechi nyingi za mpira tunaona mtu kashika sikio dakika nne, mashabiki uwanjani hawajui hata kinachochunguzwa ni ofsaidi au mkono. Kombe la Dunia la wanawake 2023 marefa walitangaza uamuzi kwa kipaza sauti na hakuna aliyekufa, watu walikubali haraka zaidi hata pale walipoumia. Kwenye mawasiliano naipa VAR nyota moja, na hiyo moja ni ya upendeleo.

Ofsaidi za ukucha nazo. Nusu fainali ya Kombe la FA la Uingereza, Wembley, mwezi wa 4 2024, Coventry timu ya daraja la pili inafungwa 3-0 na Man United, inarudisha zote tatu, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza Torp wa Coventry anapachika la nne. Watu wanalia, wageni wanakumbatiana. VAR ikaja na mstari, kidole cha mguu cha Haji Wright kimezidi. Goli limefutwa, matuta, Coventry nje. Kwa sheria sawa. Lakini jamani tuongee hesabu kidogo, kamera ya kawaida ya tv inapiga picha 50 kwa sekunde, mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Sasa ile picha uliyosimamisha, ndo kweli mpira ulipoguswa au ni kabla kidogo au baada kidogo? Huwezi ukanichorea mstari mwembamba kama uzi kwenye picha yenye utata wa sentimita zote hizo. Kule Qatar walilitatua kwa kuweka kifaa ndani ya mpira kinachotoa taarifa mara 500 kwa sekunde na kamera 12 chini ya paa zinazofuata viungo vya kila mchezaji, hapo nakuelewa, hapo hata ukucha nakubali. Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe wamehamia kwenye ofsaidi ya nusu otomatiki mwezi wa 4 2025 tu, tena bila kifaa ndani ya mpira.

Mikono na rafu sitaongea sana maana hapo VAR haijatatua kitu, imehamisha ubishi kutoka uwanjani kwenda chumbani. Fainali ya Kombe la Dunia 2018, mkono wa Perišić wa Croatia uliozaa penati, mpaka leo ukiweka watu kumi wanagawanyika. Ila moja nalisema, mwongozo wenyewe unataka picha ya taratibu itumike kuona mguso ulikuwa wapi, na ukali wa rafu upimwe kwa mwendo wa kawaida. Marefa wengine wanaitwa kwenye skrini wanaonyeshwa mguu umegandishwa juu ya enka, hapo hata tackle ya kistaarabu inaonekana jinai, lazima umeme, yaani kadi nyekundu, utoke.

Wapo walioikataa kabisa. Sweden 2024 klabu zao, ambazo wanachama ndo wenye sauti kubwa, zimesema hapana. Uingereza nao klabu ya Wolves walipeleka hoja ifutwe mwezi wa 6 2024, kura zikawa 19 kwa 1 ibaki. Mimi ningepiga na wale 19. Furaha ya goli imepungua, ni kweli kabisa, mtu anafunga afu anamwangalia refa kabla ya kuwaangalia mashabiki wake, hilo linaniuma kila nikiona. Lakini kutolewa kwenye mashindano kwa goli la wazi la ofsaidi kunauma zaidi na kunaharibu miaka ya watu.

Kwahiyo kwa hapa nyumbani. Kama tutaleta VAR kamili kwa ajili ya Kariakoo derby ya Simba na Yanga na mechi mbili tatu za kwa Mkapa, halafu mikoani wacheze bila, sitaki. Timu inayocheza na Yanga Dar ipate haki ambayo haipati ikicheza kwake? Hiyo siyo ligi moja. Kuna kitu FIFA wanakijaribu kinaitwa FVS (Football Video Support), kilitumika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 kule Colombia 2024. Hakina chumba cha marefa wengine. Kocha anapewa nafasi mbili za kuomba marudio, anazungusha kidole, anamkabidhi kadi mwamuzi wa akiba, refa mwenyewe anaenda kwenye skrini kuangalia na kuamua. Kocha akiwa sahihi nafasi yake inabaki, akikosea imeliwa. Kimetengenezwa kwa mechi zenye kamera chache, ambazo ndo mechi zetu nyingi. Na nakipendea kitu kingine, kocha akitumia nafasi zake vibaya dakika ya 20 hatakuwa na wa kumlaumu dakika ya 90.

Ila hata kabla ya hicho, wanaorusha mechi waanze na kamera ya mstari wa goli, moja kila upande, kila uwanja wa ligi, hata kama ni ya kawaida tu imefungwa kwenye nguzo. Shuti kama lile la Aziz Ki linaweza kupigwa Bukoba au Lindi kesho mchana, na kwa kamera tulizonazo sasa hakuna VAR wala FVS itakayokwambia limevuka.