Mistari ya ukingo kwa Aseprite: pesa yake inastahili, ila angalia taji la korongo

Natengeneza mchezo mdogo wa simu kuhusu bodaboda na taksi za Kampala, na kazi yote ya kuchora nimeshaihamishia kwenye Aseprite, programu ya kompyuta ya kuchora picha za pikseli, yaani zile za vijiraba vidogo vidogo. Wenzangu wanaochora picha za pikseli wananiuliza kama kweli inafaa kununua wakati GIMP, programu ya kuhariri picha, ipo bure. Kwangu mimi inafaa, na sababu kubwa ni amri moja tu: ile ya kuzungushia picha mstari wa ukingo.

Kama huchori vitu vidogo hivi, huenda hujui adha yake. Taksi yangu ina upana wa pikseli 32. Bodi nyeupe, ule mkanda wa miraba ya bluu ubavuni, basi. Ukiiweka juu ya barabara yenye vumbi la saa saba mchana, bodi inapotea kabisa. Unabaki kuona magurudumu na vijiraba vya bluu vinakimbia peke yao. Mstari mweusi wa pikseli moja kuizunguka, na gari linarudi barabarani.

Kwenye GIMP jambo hilo linawezekana, sitaki kuidharau. Unageuza sehemu iliyochorwa kuwa eneo teule, unalipanua kwa pikseli moja, unafungua leya (tabaka la picha) mpya chini yake, unamwaga rangi. Kwa picha moja ni sawa. Lakini kule kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, ni leya, kwa hiyo bodaboda akitembea lazima urudie hatua zote kwa kila fremu. Halafu ukichora kwa brashi ya kawaida badala ya zana ya penseli, kingo zinalainishwa, zinabaki pikseli nusu-angavu, na mstari wako unatoka na madoa madoa.

Kwenye Aseprite unabonyeza Shift na O, au unapitia menyu ya Edit, kisha FX, kisha Outline. Kinatokea kidirisha kidogo: rangi ya mstari, ndani au nje, na umbo. Ukitaka mwendo mzima upate mstari kwa mara moja, unateua fremu zote kwenye ule ukanda wa chini kabla ya kuitoa amri. Hapo ndipo nilipokubali kwamba pesa yangu haikupotea.

Umbo ndilo wengi wanalipita bila kuliangalia. Ukichagua duara, programu inajaza pikseli za juu, chini, kushoto na kulia tu, kwa hiyo kwenye pembe mstari unapita kimshazari na unaonekana mwembamba. Ukichagua mraba, inajaza na zile za kwenye pembe, mstari unakuwa mzito wenye kona kamili. Taksi nimeipa mraba, maana ni boksi lenye magurudumu. Watu na ndege nawapa duara, la sivyo wanaonekana kama wamechongwa kwa panga.

Chaguo la nje linanenepesha picha kwa pikseli moja kila upande, kwa hiyo acha nafasi pembeni ya turubai, vinginevyo mstari unakatwa pale picha inapogusa ukingo. Kwa aikoni ndogo za pikseli 16 natumia ndani: unapoteza kidogo kwenye mchoro, lakini kipimo hakibadiliki.

Sasa korongo. Nilitaka yule wa kwenye bendera yetu ya Uganda, mwenye taji la dhahabu, asimame kwenye skrini ya kuanzia. Manyoya ya taji niliyachora pikseli moja moja, na pengo la pikseli moja kati yake. Amri ikajaza mapengo yote, kama inavyopaswa, kwa sababu haijui taji ni nini. Mdogo wangu akapita nyuma yangu, akachungulia: "Kaka, huyu korongo kavaa helmeti ya boda?" Nikaongeza pengo likawa pikseli mbili, bado likajaa, maana kila unyoya unatoa mstari wake upande wake. Ni kuanzia pengo la pikseli tatu ndipo hewa inapita, na taji la namna hiyo kwenye kichwa kidogo halikai.

Dawa yake ni hii: nakili leya, ile ya chini ndiyo ipigwe mstari, ya juu usiiguse. Kisha kwa kifutio ondoa weusi wote uliomo kati ya manyoya, na kwenye ncha weka kahawia iliyokolea badala ya nyeusi. Ni kazi ya mkono, pikseli kwa pikseli, na hakuna kitufe cha kuifanya. Nikashangaa jinsi kahawia ile ilivyompendeza. Sasa hata miguu yake nimeipa kijivu cheusi badala ya nyeusi tupu.

Bei ni dola 19.99, kama shilingi elfu sabini hivi zetu. Kulipa kulinipa tabu kuliko kuchora: kadi ya benki yangu ilikataliwa, nikaishia kumuomba binamu yangu alipe kwa kadi yake nami nikamtumia pesa kwa simu. Ukiweza kujenga programu mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, unaruhusiwa kuitumia bila kulipa, ila kuigawia wengine hapana. Ipo pia LibreSprite ya bure, iliyochipuka kutoka Aseprite ya kabla leseni haijabadilishwa mwaka 2016. Kwa simu, Aseprite haipo, na hilo linawafungia nje vijana wengi hapa ambao simu ndiyo kompyuta yao pekee.

Laptopu yangu ya zamani inaibeba bila kulalamika, na umeme ukikatika naendelea kwa betri bila kuhitaji intaneti. Toleo la majaribio halihifadhi faili, lakini linakutosha kumjaribu ndege wako mwenyewe kabla hujatoa pesa. Kama una picha moja tu ya kuzungushia mstari, baki na GIMP.