Uzoefu wangu: kusomea shahada ya tiba kwa vitendo ukiwa mtu wa Mombasa

Nimemaliza shahada ya tiba kwa vitendo, ile ambayo wahudumu wa hospitali huiita OT (occupational therapy), na nawaandikia vijana wa Pwani wanaojaza maombi ya KUCCPS, ile huduma ya kuwapangia wanafunzi vyuo, pamoja na wenzangu wenye stashahada wanaojiuliza kama inafaa kurudi darasani. Chuo nilichosomea kiko bara. Atachimenti nyingi, yaani mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa, nilizifanyia hapa Mombasa, nyumbani. Jina la chuo silitaji, kwa kuwa ninayoyasifu na ninayoyalalamikia yanaweza kukukuta popote. Kwa ufupi: isomee. Ila chuo kichague kwa kuangalia kitakupeleka kwa wagonjwa gani na nani atakusimamia huko. Hayo mengine yote yafuate baadaye.

Wengi huichanganya tiba hii na fiziotherapia, na si ajabu, maana idara zake mara nyingi hupakana. Mama aliyepata kiharusi akienda kwa fiziotherapia atashughulikiwa nguvu za misuli, kukunjuka kwa viungo, kusimama na kutembea. Akija kwetu tunamuuliza alikuwa akifanya nini kutwa, kipi kimemshinda sasa, na kipi anataka kukirudia kwanza. Kisha tunatafuta njia: ama kuurudisha uwezo wa mwili, ama kubadilisha namna ya kufanya, ama kubadilisha kifaa au mahali penyewe. Shahada nzima, miaka minne, inakufundisha kuchagua kati ya njia hizo na kueleza kwa nini umechagua hivyo.

Mwanzoni utazama katika anatomia, fiziolojia, saikolojia na elimu ya mfumo wa neva. Ni kazi nzito, na hakuna mkato. Utajua neva ya radiali ikiumia kifundo cha mkono huanguka, na utajua ni kwa nini mtu huyo hawezi kushika kikombe ingawa vidole vyake bado vinakunja. Jifunze vizuri sehemu ya bega na mkono, utaihitaji kila siku. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya mwaka wa kwanza.

Kilichonifanya niipende kozi hii ni somo la uchanganuzi wa shughuli. Unachukua jambo moja la kawaida na kulivunja hatua kwa hatua: linadai mkao gani, nguvu kiasi gani, jicho lifanye nini, akili ipange nini, hatari iko wapi. Vitabu vingi tulivyotumia viliandikwa Uingereza na Marekani, na mifano yake ni kuingia kwenye bafu la kulala, kupaka siagi mkate, kutumia kisu na uma. Unaweza kupita mtihani kwa mifano hiyo. Halafu unakuja atachimenti Mombasa, unakutana na bibi aliyepooza upande wa kushoto, unamuuliza anataka kufanya nini, anakwambia: “Mwanangu, mie nataka kukuna nazi yangu mwenyewe. Hawa watoto wananikunia hadi kifuu.”

Basi uchanganue kukuna nazi. Mbuzi iko chini, kwa hiyo bibi aweze kushuka na kuinuka. Anaikalia, magoti yako juu kuliko alivyozoea tangu augue, na kiwiliwili kinalalia mbele, hivyo mizani ya kukaa ndiyo ya kupima kwanza. Mikono yote miwili inashika kifuu na kukizungusha juu ya meno ya chuma. Kifundo kinageuka, bega linasukuma, vidole havitakiwi kulegea. Kama mkono wa kushoto hauhisi vizuri, yale meno yatamkata na hatajua mpaka aone damu. Na lazima ajue kusimama kabla ya kufika kwenye kifuu, jambo ambalo ni la macho na la hukumu ya akili. Msimamizi wangu, mwanamke wa Kisauni mwenye miaka mingi kazini, alitaka tuinue mbuzi ile juu ya jukwaa la mbao lililofungwa imara, bibi akae kwa urefu wa kiti, mkono dhaifu uwekwe juu ya kifuu na ule mzima uuongoze. Tulianza na kifuu kitupu, bila kukaribia meno. Bibi alikuwa akifanya mazoezi ya mikono miwili kwa hamu ambayo vijiti na mipira ya idarani havikuwahi kumpa.

Hapo ndipo utakapoelewa pia thamani na upungufu wa vipimo unavyofundishwa. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa 1965, kina mambo kumi, kula, kuoga, kuvaa, kwenda choo, kupanda ngazi na mengineyo, na alama zake zinafika 100. Ni chepesi na kinafaa wodini. Lakini hakiulizi habari ya udhu. Hakiulizi kama choo ni cha kuchuchumaa, wala kama ngazi zenyewe ni zile za mbao, nyembamba na zenye kiza, za nyumba za Mji wa Kale. Mzee anaweza kupata alama nzuri na bado akakaa chumbani juu, hashuki kwenda msikitini. Ndiyo maana nilikipenda zaidi kile kipimo cha Kanada, COPM, kilichotoka 1991: mgonjwa mwenyewe hutaja shughuli zinazomuhusu, kisha hujipa alama kuanzia 1 hadi 10 kwa anavyozifanya na anavyoridhika nazo. Ukikitumia hapa Pwani, udhu na swala huja juu kabisa. Tulifanyia kazi udhu kwa kigoda kifupi, kopo lenye mkono mpana, na mahali pa kushikilia wakati wa kunyanyua mguu, maana kuosha mguu ukiwa umesimama ndiko kunakoangusha wazee. Anayeshindwa kusimama huswali kwa kukaa, dini imempa ruhusa hiyo, na wagonjwa wengi wanaijua. Wanachotaka kwako ni wafike wenyewe hapo walipoandaliwa.

Na kula. Mtu aliyepooza mkono wa kulia, katika nyumba ambayo mkono wa kushoto kazi yake ni nyingine, hawezi kuambiwa tu “tumia huo mwingine.” Nimeona mwanamume mzima akikataa chakula mbele ya wakweze. Kijiko kilichonenepeshwa mpini kwa sponji na kufungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, sahani iliyowekwa juu ya kitambaa chenye maji ili isiteleze, na mazungumzo ya faragha na mkewe vilimrudisha mezani. Wahadhiri wangu walinifundisha kanuni ya mpini mnene. Yale mazungumzo niliyajifunza kwa kumsikiliza msimamizi.

Upande wa afya ya akili ndio ninaohofia wanafunzi wanaupita haraka, na si haki, kwa sababu taaluma yenyewe ilizaliwa huko. Eleanor Clarke Slagle alifanya kazi Baltimore chini ya daktari Adolf Meyer, akiwapangia wagonjwa wa akili siku nzima yenye kazi, mapumziko, michezo na usingizi kwa kipimo. Naye ni mmoja wa waliokutana Clifton Springs, New York, mwaka 1917 kuunda chama cha kwanza cha taaluma hii Marekani. Niliposoma hayo yalinipita kama historia ya mtihani. Nilipofanya kazi na vijana wa Mombasa waliokuwa wakitumia unga (heroini), yalirudi kwa uzito wote. Kijana ameacha, dawa anapewa, lakini saa nne asubuhi hana pa kwenda isipokuwa maskani ileile. Ukikaa naye mkaandika siku yake saa kwa saa unaona shimo liko wapi. Kujaza shimo hilo kwa kitu anachokithamini, iwe ni kurekebisha nyavu, kumsaidia ami yake gereji, au kuchukua zamu jikoni, ni tiba kamili, na inahitaji ufuatiliaji uleule unaoutoa kwa mkono uliovunjika.

Kuna nadharia moja niliyoikuta mwaka wa tatu ambayo ningemwomba kila mhadhiri aifundishe kwa mapana. Ni ya Michael Iwama, iliyokuzwa pamoja na wataalamu wa Japani, na kitabu chake kilitoka 2006. Mgonjwa huchora maisha yake kwa umbo la mto: maji ni uhai, majabali ni matatizo, kingo ni mazingira na watu, magogo ni mali na tabia zinazoweza kusaidia au kuziba. Nilimpa karatasi mzee mmoja aliyekuwa mvuvi, akaniambia yeye mto haujui. Akachora bahari, maji kujaa na maji kupwa. Majabali yake, akasema, yalikuwapo siku zote. Maji yalipokuwa mengi mashua ilipita juu yake. Kisha akanionyesha ni mwaka gani maji yalikupwa: mke alifariki, mtoto akahama, ndipo mguu ulipoanza kuwa tatizo. Nilipata kwa karatasi ile moja habari ambayo fomu zetu hazikuwa zimeipata.

Kwa watoto, jiandae kwa wale wenye mtindio wa ubongo, wengi wao waliochelewa kupumua walipozaliwa au waliopata manjano kali. Mama humlisha mtoto akiwa amemlaza chali mapajani, uji unamiminwa, mtoto anapaliwa, kifua kinaugua tena na tena. Kumkalisha wima, nyonga zimekunjwa vizuri, miguu imeegemea kitu, kidevu kimeinama kidogo, na kumpa kidogo kidogo, kunaweza kubadilisha afya yake. Tulifundishwa kutengeneza viti vya kona kwa makatoni na gundi ya unga, karatasi juu ya karatasi, teknolojia ya bei nafuu inayojulikana kote ukanda huu. Jua tu kwamba kwa unyevu wa Mombasa kiti hukawia sana kukauka, na usipokipaka rangi vizuri kitaota ukungu. Tulitengeneza msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, na vilidumu.

Sasa malalamiko yangu. Wahadhiri wenye taaluma yenyewe walikuwa wachache mno. Baadhi ya masomo tulifundishwa na watu wa fani nyingine, wazuri kwao, lakini wasiojua sisi tunatafuta nini. Plastiki ya splinti, kifaa cha kushikilia kiungo, ile inayolainika kwenye maji ya moto na kufinyangwa juu ya mkono wa mgonjwa, ilikuwa ghali kiasi kwamba tulikata vipande vidogo na kutazamana kwa zamu. Ufundi huo hauji kwa kutazama. Nafasi ya atachimenti moja ilicheleweshwa na ofisi ya chuo hadi muhula ukapotea, na hakuna aliyetueleza. Kama unafadhiliwa na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, muhula uliopotea ni kodi ya nyumba na nauli ambazo mkopo haukuzihesabu, na mzazi wako ndiye atakayezitafuta.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, uliza haya. Je, mtaala unafuata viwango vya Shirikisho la Dunia la wataalamu wa taaluma hii, WFOT, lililoanzishwa 1952? Viwango hivyo vinadai angalau saa 1,000 za mazoezi ya kusimamiwa. Mwombe mratibu akuonyeshe saa hizo zimegawanywa wapi. Je, msimamizi wa atachimenti ni mtu wa taaluma hii? Je, utafika kwa watoto, wazee, afya ya akili na majeraha ya mkono, au utakaa wodi moja mpaka mwisho? Mwenye stashahada ya miaka mitatu aulize pia ni masomo gani atakayosamehewa, na alipate jibu hilo kwa maandishi.

Kuhusu ajira nitasema kweli: tangu huduma nyingi za afya ziende kwa kaunti 2013, nafasi hutegemea bajeti ya kaunti, na husubiriwa. Wenzangu wako katika shule maalum, mashirika ya watu wenye ulemavu na kliniki za binafsi. Wawili wanazunguka majumbani, hasa kwa wagonjwa wa kiharusi, na hawapumziki. Shahada ilinisaidia zaidi katika utafiti na kuandika ripoti zinazosomwa na madaktari. Kwa mikono, mwenzangu wa stashahada mwenye uzoefu bado ananifundisha, na namshukuru.

Kama uko Mombasa na bado unasitasita, usiamue kwa kusoma tu. Nenda Bombolulu, kwenye karakana zilizoanza 1969 ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vito na bidhaa za ngozi, uangalie meza zilivyopangwa na kila mtu anavyofikia kifaa chake. Kisha omba ruhusa kwenye idara ya tiba kwa vitendo ya hospitali iliyo karibu nawe ukae asubuhi moja. Nenda Jumatatu, kliniki nyingi huwa zimejaa, na uketi karibu na akina mama wenye watoto.